"Drive" ya The Cars: ngoma ya 1984 ambayo bado inanyamazisha taksi nzima

Jumapili iliyopita nilikua natoka Jinja kurudi Kampala na taksi ya usiku, watu wamechoka, tumesimama Najjembe kidogo watu wakanunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, tukaondoka, msitu wa Mabira giza pande zote mbili na konda bado anabishana na mama mmoja juu ya chenji ya elfu mbili. Dereva alikua na flashi yake imechomekwa, imeanza na kidandali, muziki wetu wa Uganda, ikaja rege, halafu ghafla ikaingia ile kibodi. Wenye kuijua wanajua nasema nini. Inaingia taratibu, nzito, kama ukungu unavyopanda kutoka ziwani upande wa Masese kabla watu hawajaamka. Na nakwambia konda alinyamaza, mama akanyamaza, chenji ikasahaulika kwa dakika nne. Kijana wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kumtazama hajafika hata miaka 22, akaanza kuimba chini chini na maneno yote anayajua.

Ndio nikaamua leo niiandikie hii ngoma tathmini yake, manake naipenda tangu niko mtoto na sijawahi kukaa chini nikasema ni kwa nini.

Wimbo ni "Drive", wa bendi ya Marekani inaitwa The Cars, walianzia Boston mwaka 1976. Hawa ni watu wa niu wevu (new wave), ule mtindo wa mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80 ambao ulichukua gitaa la roki ukalikata nywele, ukalivalisha suti nyembamba, ukalikalisha pembeni ya kibodi za umeme na ngoma za mashine. Kwa hesabu za kwetu, Afrigo Band walikua wametangulia mwaka mmoja tu, 1975, na Afrigo mpaka leo wanapiga wakati The Cars walishavunjika 1988, wakarudi tu kwa albamu moja 2011. Singo yenyewe ilitoka 1984 kwenye albamu yao Heartbeat City, ikapanda mpaka namba 3 kwenye chati ya Billboard kule Marekani na hakuna singo yao nyingine iliyofika juu hivo. Uingereza ilifika namba 5 mwaka huo huo. Mambo ya namba nayamaliza hapo, ila kuna moja ntairudia baadae kwa sababu inatuhusu sisi wa huku.

Kwanza sauti. Anayeimba ni Benjamin Orr, mpiga besi wao, ingawa aliyeuandika ni Ric Ocasek ambaye ndiye alikua akiandika karibu nyimbo zote za bendi na nyingi akiimba mwenyewe. Hawa wawili walijuana Ohio kabla ya The Cars haijazaliwa, wakahangaika pamoja kwenye vibendi vingine miaka na miaka. Sasa Ocasek anaandika wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kuandika, halafu anampa mwenzake aimbe. Mimi hilo naliheshimu sana. Sauti ya Ocasek ilikua kavu, ya kukatakata, angeimba yeye ungekua wimbo wa mtu mwerevu. Orr anaimba kama mtu aliyekaa kitandani mwa mgonjwa. Hasukumi. Hapandishi sauti kuonyesha kwamba anaweza, na kwamba anaweza unaskia kabisa, lakini anaiacha sauti ikae pale chini, tulivu, na wewe ndio unaisogelea.

Halafu zile sauti za nyuma! Chomeka iafoni nzuri za masikioni, au kaa karibu na spika yenye besi ya kweli, uskilize zile "aaah" zinazoingia nyuma yake. Zimepangwa tabaka juu ya tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa na mama anayejua kazi, ukiivuta inafunguka majani majani. Gitaa humo ndani utalitafuta kwa tochi. Bendi ina mpiga gitaa hodari kama Elliot Easton na wanamwambia kaka leo kaa kidogo, kazi yote inabebwa na kibodi za Greg Hawkes, na hakuna sehemu ambapo mtu anajitokeza mbele kuringa na chombo chake. Dakika 3 na sekunde 55, basi.

Aliyepanga hizo sauti ni prodyuza Robert John Lange, wanamwita "Mutt", na hapa nataka watu wa huku wajue: huyu alizaliwa Mufulira, Zambia, kwenye mji wa migodi ya shaba, mwaka 1948, akakulia Afrika Kusini. Ndiye huyo huyo aliyetengeneza albamu ya 1997 ya Shania Twain, mwimbaji wa kaunti (ule muziki wa country), inaitwa Come On Over, ambayo Uganda hii tumeipiga kwenye maharusi na mabaa mpaka tepu zikachoka. Kwa hiyo ukiwa ni mtu wa kaunti, na Waganda wengi ni watu wa kaunti hata kama hawasemi, halafu ukashangaa kwa nini hii ngoma ya niu wevu inakugusa mahali palepale, jibu ni kwamba fundi ni mmoja. Mkono wake ni uleule.

Sasa nije kwenye maneno, hapo ndipo ilipo siri yake.

Nyimbo za mapenzi nyingi zinaahidi. Ntakupenda milele, ntakupa dunia, bila wewe nakufa. "Drive" haiahidi kitu. Ni maswali karibu yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mwanaume anamuuliza mwanamke anayeharibikiwa, ambaye anajidanganya kwamba mambo yako sawa: nani atakuambia ukweli, nani atakushika, na lile kubwa lenyewe, nani atakufikisha nyumbani usiku huu. Hasemi "ni mimi". Wimbo wote unangoja aseme na hasemi, na hujui kama hasemi kwa sababu hana haki ya kusema, au alishawahi kumfikisha mara nyingi na sasa amechoka, au yuko palepale mlangoni na ufunguo mkononi anangoja aitwe tu. Nimeuskiliza miaka thelathini na kitu na bado kila nikiuskiliza nachagua jibu tofauti kutegemea na siku yenyewe.

Na swali hilo Uganda si la kishairi. Mtu akikupenda huku haanzi na maua, anauliza "utapanda nini?" Anakusindikiza mpaka steji, anamchagua mwendesha boda anayemjua, anaangalia namba ya pikipiki, anapatana bei yeye ili usionewe, halafu usiku kabla hujavua hata viatu simu inalia: "Otuuse?" Umefika? Neno moja. Mimi nimepokea barua za mapenzi na nimepokea hiyo meseji, na nikiambiwa nichague moja ya kubaki nayo najua ni ipi.

Mzee wangu ndiye aliyenifundisha huu wimbo bila kujua ananifundisha. Tulikua tunakaa Walukuba, Jinja, zile nyumba za wafanyakazi ambapo kila kabila lilikuepo na Kiswahili ndicho kilikua cha uani, na yeye alikua na redio kaseti moja na tepu aliyorekodi nyimbo za polepole kutoka redioni, mwanzo wa kila wimbo umekatwa kwa sababu alikua anachelewa kubonyeza. "Drive" kwenye hiyo tepu inaanzia katikati ya mstari wa kwanza. Mpaka leo nikiiskia ikianza vizuri kutoka mwanzo nahisi kama nimepewa nyongeza.

Alikua akisema ule wimbo uliwafikia wakati mbaya na ndio maana uliwaingia. 1984, 1985, vizuizi vya wanajeshi barabarani, ukiachana na mtu jioni hukumwambia kwaheri ukaishia hapo, ulimuuliza atapitia njia gani, na yuko na nani, na kitambulisho anacho. Yeye na mama walikua bado wachumba. Anasema kuna usiku alimsindikiza mama mpaka kwao, halafu mama akakataa kumuacha arudi peke yake usiku ule, akalala sebuleni kwa wakwe kwenye mkeka na aibu yote hiyo, kabla hata ya kupeleka barua ya uchumba. Tarehe 27 Julai 1985 serikali ya Obote ikapinduliwa. Sasa mtu wa Boston alipokua anaandika juu ya nani atamfikisha mwanamke nyumbani hakua anafikiria kizuizi cha Njeru, najua. Lakini wimbo ukishatoka unaenda unakotaka.

Na hapa ndio ile namba niliyosema ntairudia. Wiki mbili tu kabla ya hayo mapinduzi, tarehe 13 Julai 1985, kulikua na ile tamasha kubwa ya Live Aid ya kuchangia njaa ya Ethiopia, jukwaa moja London, Wembley, na jingine Philadelphia. The Cars wenyewe walipiga Philadelphia. Lakini kule Wembley, David Bowie alikata wimbo mmoja kwenye zamu yake ili ionyeshwe filamu fupi ya picha za njaa, iliyotengenezwa na watu wa televisheni ya Kanada, CBC, na muziki waliouweka chini ya zile picha ni "Drive". Mtoto anajaribu kusimama, miguu haimbebi. Na sauti ya Orr inauliza maswali yake yaleyale. Wimbo wa mtu na mpenzi wake ukageuka hapo hapo, maneno hayajabadilika hata moja, ukawa swali la dunia nzima. Ukarudi kwenye chati Uingereza ukapanda mpaka namba 4, juu kuliko ulipotoka mara ya kwanza.

Tulikua na jirani yetu Walukuba, mzee Mkaramoja, mlinzi, aliyezika ndugu zake kwenye njaa ya Karamoja ya 1980. Miaka kadhaa iliyopita nilienda kumsalimia nikamuonyesha hiyo filamu kwenye simu, nafikiri nilitaka kumuonyesha kwamba kuna watu waliwahi kuimba juu ya jambo kama lile. Aliangalia kidogo akaigeuza simu uso chini juu ya meza. Nilijiskia vibaya sana, nikataka kuizima. Akanizuia mkono. Alitaka sauti iendelee, picha ndio hakuitaka. Tukakaa hivo, simu imelala kifudifudi, mpaka ikaisha. Kingereza cha wimbo hakukijua zaidi ya neno moja moja.

Video yenyewe ya wimbo, ile ya 1984, nitasema ukweli, sina mapenzi nayo makubwa. Iliongozwa na Timothy Hutton, yule muigizaji, na kuna sehemu bendi imegeuzwa masanamu kwenye ukumbi mtupu, hilo wazo mimi naona lingeachwa. Lakini yule msichana anayecheka halafu analia halafu anacheka tena peke yake chumbani, huyo ndiye anaibeba, Paulina Porizkova, alikua na miaka 19. Ocasek alikutana naye kwenye hiyo kazi ya video, wakaoana 1989. Orr alikufa Oktoba 2000 kwa saratani ya kongosho, ana miaka 53 tu. Ocasek akafuata Septemba 2019. Yeye na Paulina walikua wameshatengana kwa wakati huo, lakini Ocasek alikua ametoka kufanyiwa upasuaji na aliyekua akimuuguza nyumbani ni Paulina, yule yule wa kwenye video. Niliposoma hilo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Tuseme na ubaya wake basi, manake tathmini bila ubaya ni tangazo. Mwisho wake unafifia tu, sauti inashushwa polepole mpaka inapotea, na mimi siku nyingine natamani wangekata, wangetuacha na kimya. Na ngoma ya mashine ukiiskiliza kwenye spika za simu za bei ya chini inabaki tak tak tak kavu, inaua uzito wote, kwa hiyo tafadhali usiuhukumu huu wimbo kwa kuuskia kwenye simu iliyowekwa ndani ya kikombe.

Jingine si kosa la bendi. Kuna kibanda kimoja cha kuweka nyimbo kwenye flashi, mjini hapa, nilienda nikaomba hii ngoma nilipe, nikapewa nyimbo mia mbili kwa bei ya kahawa na chapati, nikafurahi. Kufika nyumbani naiweka, inaanza vizuri, Orr anafika kwenye lile swali lenyewe kubwa, na PAAP sauti ya dijei inapasuka juu yake inapiga kelele jina lake na namba ya simu ya maharusi na mazishi. Kila kibwagizo. Mara nne nimehesabu. Nilirudi kulalamika nikaambiwa hizo ndizo zilizopo. Ndugu zangu mnaouza nyimbo, weka sauti yako mwanzo, weka mwisho, lakini pale katikati mtu anapouliza nani atamfikisha mwenzake nyumbani, mwache aulize.

Na madijei wa maharusi pia, naomba. Nimeuskia ukipigwa wakati wa kukata keki mara mbili mwaka huu. Najua unaskika kama wa mapenzi na ni wa mapenzi kweli, lakini si wa keki. Ni wa saa sita usiku wageni wakishaanza kutafuta koti zao na mama mkwe anauliza gari ya kwenda Mukono imejaa au bado. Hapo upige, uone watu.

Mimi mwenyewe uliniingia mara ya pili 2020, wakati wa kafyu. Saa moja jioni kila mtu awe ndani, taksi hakuna, boda wamekatazwa kubeba abiria, wanabeba mizigo tu. Mchumba wangu wakati huo alikua anafanya kazi duka la dawa Wandegeya na tunakaa Kireka, kwa hiyo anatembea, kila jioni, yeye na maelfu ya watu, Jinja Road yote imejaa miguu. Nikawa natoka Kireka saa kumi na moja naenda kumpokea Nakawa, tunarudi wote. Iafoni tulikua na moja, upande wa kushoto umekufa, kwa hiyo tunapeana kile kimoja kinachofanya kazi, wimbo mmoja wewe wimbo mmoja mimi. "Drive" ikija hakuna aliyekua anataka kutoa zamu yake, tukawa tunaiskiliza kichwa kimoja kimegusana na kingine, tunatembea upande upande kama kaa, na watu wanatupita wanakimbia kushinda saa moja. Sikuwahi kumwambia kitu cha maana barabarani mule. Miguu inauma, vumbi, polisi wako Banda. Nilienda tu kila siku. Sasa ni mke wangu.

Kwa mtu anayetaka kuanza na niu wevu na hajui aanzie wapi, aanze hapa, halafu aiskilize Heartbeat City yote ili aone bendi hiyo hiyo ikiwa na furaha na haraka, kisha airudie hii aone walivyosimama ghafla katikati ya mbio zao. Tafuta ile ya asili ya dakika 3:55, si zile zilizoongezwa ngoma za kisasa chini. Kwangu ni tisa na nusu kwa kumi, hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya ule mwisho.

Turudi kwenye taksi. Ilipoisha tulikua tumeshaikaribia Lugazi, taa zimeanza kuonekana. Nikamuuliza konda kama anaujua huo wimbo ni wa nani. Akasema bosi, huo dereva anauita "Slow 14", hivo ndivyo ulivyoandikwa kwenye flashi, wanaupiga kila usiku baada ya Najjembe, abiria wanatulia. Nikamwambia jina, nikamwambia bendi. Akatoa kile kitabu chake cha kuandikia hesabu ya abiria, akaandika ukurasa wa nyuma kwa herufi kubwa, THE CARS, DRIVE, akaniuliza kama "cars" ina s. Nikamwambia ndio, ina s. Halafu akamrudishia mama elfu mbili yake.